Macho mawili, operesheni mbili: uzoefu wangu wa mtoto wa jicho hapa Mombasa

Mimi hushona kofia za mkono, zile za viua, yaani vitundu vidogo vya kutariziwa kwa sindano, nyumbani kwangu Mji wa Kale. Nilifunzwa na mamangu nikiwa binti wa miaka kumi na minane, na sasa nina hamsini na tisa. Macho yangu yote mawili yamepasuliwa mtoto wa jicho: la kulia mwaka juzi, la kushoto mwaka jana, kila moja kwa mahali pake, hapa hapa Mombasa. Majina ya hospitali siyataji. Ninachotaka kueleza ni swali moja tu: pa kwanza hawakuniuliza, pa pili wakaniuliza, na tofauti yake naiona kila nikishika sindano.

Nianze na kitu kilichonidanganya. Nilipofika arubaini na sita hivi nilianza kuvaa miwani ya kushonea, kama wenzangu wa rika langu. Halafu nilipotimiza hamsini na nne miwani ikawa inanisumbua, nikiivua ndiyo naona vizuri zaidi. Nikawa natunga uzi kwenye sindano nyembamba kabisa kwa macho matupu, na majirani wakija kuona. Nikamshukuru Mungu kwamba macho yamerudi ujana. Lakini mbali palizidi kufifia, hata nikawa simjui mtu mpaka atoe salamu.

Daktari alikuja kunieleza baadaye kwamba kiini cha lenzi ya jicho langu kilikuwa kinakomaa na kuwa kigumu, na lenzi ikiwa hivyo hupinda mwanga kwa nguvu zaidi, basi jicho hugeuka kuwa la kuona karibu. Ule ujana wangu ulikuwa ndio huo mtoto wa jicho, ameanza. Wazee wengi hupitia hapo wakafurahi kama nilivyofurahi mimi. Ukimwona mzazi wako ameacha miwani ya kusomea bila sababu, mpeleke akapimwe.

Miaka miwili mbele ukaja ukungu wenyewe. Taa za tuktuk usiku zilinijia na miale kama jua, na kofia nikawa nashona saa za asubuhi tu, nimekaa mlangoni.

Jicho la kulia nilipasuliwa mahali pa bei nafuu, na kwa hilo nawashukuru, kwa sababu sikuwa na pesa nyingi. Nilipigwa sindano ya ganzi pembeni mwa jicho, nikalala macho, nasikia kila neno. Haikufika nusu saa. Walifanya ile operesheni ya mkono isiyotumia mashine kubwa: hukata njia ndogo ya milimita sita au saba pembeni mwa jicho, kiini kikatolewa kizima, ikawekwa lenzi ya plastiki, na kidonda hujifunga chenyewe bila ya kushonwa. Maumivu sikuyaona.

Kesho yake nesi alipofungua bandeji, kitu cha kwanza kuona ni ukucha wake, una hina iliyobaki nusu. Nililia. Nilipofika nyumbani nikaona rangi ya buluu ya leso yangu inavyowaka, kwani lenzi ya uzeeni huwa na manjano na huizuia buluu isipite. Kisha nikafungua kabati nikaitoa kofia niliyokuwa nimeimaliza wiki tatu kabla, ya mteja aliyetaka nyeupe tupu. Kumbe nilikuwa nimeishona kwa nyuzi mbili. Utepe wa juu nyeupe ya maziwa, na chini, kuanzia safu ya nne ya viua, rangi ya samli. Kwa macho yale ya zamani zilikuwa rangi moja. Nikaikalisha mapajani, nikashika sindano nianze kuifumua, na hapo ndipo nilipojua. Tundu la sindano sikuliona. Nikanyoosha mkono wote, bado. Sindano yenyewe ilikuwa kivuli.

Nilirudi kliniki nikiwa na hofu. Wakanisimamisha mbele ya ubao wa herufi, mita sita, nikasoma mpaka mstari wa 6/9, karibu na wa macho mazima, bila miwani. "Mama, hongera, umepona." Wakanipa miwani ya kusomea ya tayari, ile ya kuuzwa dukani, nikaambiwa nikashone. Miwani ile ilinifaa jicho moja, na lile la kushoto ambalo lilikuwa bado na mtoto wake ikalivuruga, kichwa kikawa kinauma kabla ya adhuhuri. Kwa hesabu yao mimi nilikuwa mgonjwa aliyefanikiwa, na kwa mbali walikuwa na haki: niliona feri ya Likoni mpaka watu waliosimama. Lakini hakuna aliyeniambia kabla kwamba lenzi ile ina umbali mmoja tu, kwamba wameniwekea ya mbali, na kwamba ule uoni wa karibu nilioutegemea kwa riziki ungeondoka siku ile ile. Hawakuniuliza nafanya kazi gani. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Kwa miezi mingi niliamini kosa ni bei. Nikawaambia watu kwamba ile operesheni ya mkono ni ya maskini, ukiweza nenda kwenye mashine. Binti yangu anasomea uuguzi, akanikataza kusema hivyo kabla ya kuangalia, akakaa na mimi barazani usiku mbili tatu akinisomea utafiti kwenye simu na kunifasiria. Nataka nilisahihishe neno langu hapa. Kule Nepali, mwaka 2007, madaktari walichapisha matokeo ya wagonjwa 108 waliogawanywa kwa kura, wengine kwa mashine ya mawimbi ya sauti, wengine kwa mkono. Baada ya miezi sita, kwa miwani iliyopimwa vizuri, 98% ya kila upande waliona 6/18 au zaidi. Bila miwani walikuwa 89% kwa mkono na 85% kwa mashine. Basi si bei, na si mashine. Waliopasuliwa kwa mkono wasidharauliwe, na aliye na uwezo huo tu asingoje mpaka apofuke.

Ila nilimuuliza binti yangu 6/18 ni nini. Akasema ni kuona kwa mita sita kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita kumi na nane. Ni kipimo kizuri kwa mtu aliyekuwa haoni njia, lakini kiua cha kofia ni kitundu cha ncha ya sindano, na ubao wa mita sita haukijui.

Akaendelea kutafuta. Uingereza mwaka 2009 madaktari walipendekeza kipimo kingine: si tu mgonjwa anasoma mstari gani, bali ametoka karibu kiasi gani na namba ya miwani aliyokusudiwa. Walitaka 85% wawe ndani ya dayopta moja, ndicho kipimo cha nguvu ya miwani, na 55% ndani ya nusu. Hapo nikaanza kuelewa kwamba kuna namba inayokusudiwa, mtu huichagua kabla ya kisu, na yangu ilichaguliwa bila mimi. Na Uswidi, ambako daftari la taifa la operesheni hizi lipo tangu 1992, wana maswali wanayompa mgonjwa kabla na baada: unasoma gazeti? unatambua nyuso? unaona bei dukani? unatembea penye mashimo? unaweza kazi ya mikono? Aliponisomea hilo la mwisho nilimwambia arudie. Kumbe wako wataalamu walioliona hilo zamani, wakaliandika liwe swali. Hata hapa kwetu Kenya, watafiti waliwafuata waliopasuliwa Nakuru mwaka mzima, pamoja na wengine Bangladesh na Ufilipino, na mwaka 2010 wakaonyesha kwamba nyumba zao zilikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa matumizi kuliko kabla. Jicho ni riziki.

Kwa jicho la kushoto nilikwenda pengine. Ilinigharimu elfu sabini, niliweka kidogo kidogo na watoto wakachanga. Niliingia kwa daktari na kofia yangu ndani ya mkoba, nimekusudia kuitoa hata asiponiuliza. Sikuhitaji. Neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Mama, kazi yako ni ipi?" Nikaitoa kofia. Akaniambia nishone mbele yake. Akachukua utepe wa kupimia, ule ule wa mafundi cherehani, akapima kutoka kwenye jicho langu mpaka kwenye ncha ya sindano: sentimita 41.

Akanifanyia hesabu kwenye karatasi. Mia moja gawanya kwa dayopta unayoachiwa, unapata sentimita ambapo jicho litaona safi bila miwani. Dayopta mbili na nusu za kuona karibu ni sentimita 40, yaani kofia yangu. Nikamwambia basi niwekee hiyo. Akasita, na nampenda kwa kusita kwake. Alisema jicho la kulia linaona mbali, na tofauti kubwa namna ile baina ya macho mawili huwatia wengine kizunguzungu, hasa kwenye ngazi, na nyumba zetu za Mji wa Kale ngazi zake unazijua. Akaniwekea fremu ya majaribio, akanitembeza ukumbini, panda shuka. Tukakubaliana dayopta moja na robo tatu: safi kwa sentimita 57 hivi, na kwa viua vidogo kabisa nivae miwani hafifu. Ndivyo nilivyotaka nifanyiwe mara ya kwanza, niambiwe nitapata nini na nitapoteza nini.

Kisha vipimo. Mashine ilipima urefu wa jicho kwa mwanga, na mviringo wa kioo cha mbele, mara tatu, kwani alisema milimita moja ikikosewa kwenye urefu ni karibu dayopta tatu kwenye miwani. Akanihadithia kwamba Harold Ridley, aliyeweka lenzi ya kwanza London Novemba 1949, aliipata plastiki yake kwa kuwaona marubani wa vita ambao vipande vya vioo vya ndege, vya plastiki hiyo hiyo, vilikaa machoni mwao bila kuwadhuru; na mgonjwa wake wa kwanza alipona lakini akabaki na uoni wa karibu kupita kiasi, kwa sababu namba ya lenzi haikulingana na jicho. Binti yangu alikuwa amenituma niulize pia kama wataniwekea dawa ya kuzuia usaha ndani ya jicho mwishoni, ile ambayo utafiti wa Ulaya wa 2007, wenye wagonjwa zaidi ya 16,000, ulionyesha kwamba hupunguza maambukizi karibu mara tano. Alisema ndiyo, ni kawaida yao.

Operesheni ilikuwa ya mashine, dakika chache, na ganzi ya matone. Kasoro zao pia nizitaje. Nilingoja saa tano nikiwa sijala. Matone ya baada ya operesheni hayakuwa ndani ya ile bei na hawakusema mapema. Karatasi ya maelekezo ilikuwa kwa Kiingereza kitupu, kwa wazee wa Mombasa ambao wengi wao husoma Kiswahili na Kiarabu. Na habari ya udhu hakuna aliyeigusa mpaka nilipouliza mwenyewe. Waliniambia maji yasiingie jichoni na nisiiname, basi nikaswali kwa kukaa kwenye kiti, upande ule wa uso nikatayamamu kwa ajili yake, kama nilivyoelekezwa na ustadhi wa mtaani. Hospitali ya pwani ingekuwa na maelezo hayo tayari mezani.

Wiki ya sita waliniita wakanipima. Tulikusudia moja na robo tatu, nimetoka na moja na nusu. Wameniandikia kwenye kadi: aina ya lenzi, nguvu yake, namba iliyokusudiwa na namba iliyopatikana. Kadi hiyo naiweka pamoja na kitambulisho. Ya jicho la kulia nimeiomba mara mbili kule kwa kwanza, sijapewa. Nimeambiwa pia kwamba ngozi nyembamba iliyo nyuma ya lenzi huenda ikafanya ukungu baada ya miezi au miaka, na husafishwa kwa leza bila kupasuliwa tena, kwa hiyo nikiona moshi nisingoje.

Sasa nashona tepe na mistari mikubwa bila miwani. Viua vidogo navaa miwani ya dayopta moja, saa tatu nne mfululizo, kichwa kizima. Ile kofia ya nyuzi mbili nimeifumua chini yote na nimeirudia kwa nyeupe ya maziwa.

Jumatano ijayo namsindikiza jirani yangu, yeye ni mkubwa wangu kwa miaka saba na ni mara yake ya kwanza. Hashoni. Anataka kusoma msahafu bila ya kuuinua mpaka puani. Nimemwambia aubebe msahafu wake mwenyewe, ule wa nyumbani wenye herufi alizozoea, na marufaa yake ya mbao ya kuuwekea, na utepe nitachukua mimi.