Land Rover Series III au Land Cruiser HJ47: lipi ulifufue nyumbani?

Ukiwa na spana, jeki na uvumilivu, Land Rover Series III (1971–1985) utaanza kuifufua hata chini ya mwembe. Bodi ni ya alumini, imefungwa kwa bolti na riveti. Madigadi ya mbele unayafungua asubuhi, jioni yamerudi. Lakini alumini isikudanganye. Chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima, ni ya chuma, nayo huoza kuanzia ndani, hasa kwa gari lililozeekea Tanga au Mombasa penye upepo wa chumvi. Igonge kwa nyundo ndogo kabla hujalipa: mlio mfu ni kutu.

Land Cruiser bodi yake ni ya chuma. Ikioza ni kukata na kuchomelea, kazi ngumu kwa anayejifunza. Raha yake ni injini: dizeli ya 2H, silinda sita, lita 4.0, iliyofungwa pia kwenye Land Cruiser nyingine, HJ60 na HJ75, kwa hiyo uwanja wa kutafuta spea ni mpana. Injini ya petroli ya Land Rover, lita 2.25, ni rahisi kuielewa, ila mlimani na mzigo huchoka mapema.

Anayeanza ningempa Land Rover, mradi chesisi iwe nzima. Mwenye mashine ya kuchomelea na safari ndefu achukue Land Cruiser. Kwa yote mawili, breki na mafuta ya difu (gia za kwenye ekseli) kwanza, rangi isubiri.