Albamu mbili ndani ya mwaka mmoja: jozi za kuweka kwenye flashi na toleo la kudai

Msanii akitoa albamu mbili mwaka mmoja, watu hushangaa wingi kabla ya kusikiliza kazi. Miaka ya 1960 halikuwa jambo la ajabu. Santuri ilibeba kama dakika ishirini kila upande, nyimbo kumi au kumi na mbili ziliijaza, na kampuni zilitaka bidhaa mpya dukani kabla ya Krismasi. Kipimo kizuri zaidi ni hiki: kati ya albamu ya kwanza na ya pili, kilibadilika nini? Kama ni studio, chombo, bendi au hali ya msanii mwenyewe, chukua zote mbili. Kama hakikubadilika kitu, ya pili huwa makombo, na bando lako lina kazi nyingine.

Tathmini hii inamlenga msikilizaji wa Kampala, Jinja au Gulu anayejaziwa flashi kwenye laibrari ya mtaani, yaani kibanda cha kunakilia nyimbo, au anayesikiliza kwa simu huku jicho likiwa kwenye MB zilizobaki.

Jozi ya kwanza kuchukua ni ya The Wailers, kundi la rege la Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Wailer, mwaka 1973: "Catch a Fire" ya Aprili na "Burnin'" ya Oktoba. Uganda hakuna asiyemjua Bob Marley, lakini wengi wanamjua kupitia "Legend", mkusanyo wa mwaka 1984 unaouzwa kila kona. Mkusanyo huo una nyimbo tatu tu za jozi hii: "Stir It Up", "Get Up, Stand Up" na "I Shot the Sheriff". Albamu hizi mbili zina nyimbo kumi na tisa. Kumi na sita zilizobaki ndizo zinazoonyesha kwamba Wailers walikuwa bendi ya waimbaji watatu, si Marley na wasindikizaji wake. Peter Tosh anaimba "400 Years" na "Stop That Train" kwenye ya kwanza, na "One Foundation" kwenye ya pili. Bunny Wailer anashika "Hallelujah Time" na "Pass It On".

Kilichobadilika kati ya Aprili na Oktoba ni mkono wa London. "Catch a Fire" ilirekodiwa Kingston, kisha Chris Blackwell wa kampuni ya Island akaongezea ladha ya roki ili wazungu wainunue. Gitaa linalolia kwenye "Concrete Jungle" ni la Wayne Perkins, Mmarekani wa kutoka Alabama, na vinanda vingi ni vya Rabbit Bundrick wa Texas. Kwenye "Burnin'" mapambo hayo yamepunguzwa sana. Besi ya Aston Barrett na ngoma za Carlton Barrett zimesogezwa mbele, na albamu inafungwa na "Rastaman Chant", wimbo wa ngoma za Kirasta usio na haja ya gitaa la mtu yeyote. Kwa maoni yetu "Burnin'" ndiyo bora kwa kusikiliza, na "Catch a Fire" ndiyo bora kwa kuelewa jinsi rege ilivyouzwa duniani. Baada ya hapo Tosh na Bunny waliondoka, kwa hiyo jozi hii ndiyo mwisho wa kundi la watatu.

Toleo la kudai: "Catch a Fire" ya diski mbili iliyotoka mwaka 2001. Diski moja ni albamu inayojulikana. Nyingine ni miksi (mchanganyo wa sauti) ya awali ya Jamaika, kabla London haijaigusa, ikiwa na nyimbo mbili zilizoachwa nje: "High Tide or Low Tide" na "All Day All Night". Cheza "Concrete Jungle" ya diski moja, kisha ya nyingine, utasikia mara moja kilichoongezwa. Kuhusu santuri, nakala za kwanza zilikuwa na jalada la umbo la kiberiti cha gesi lililofunguka kwa juu. Zilitengenezwa kama 20,000 tu, kisha likaja jalada la Marley akivuta. Ukiuziwa "ya kwanza kabisa" yenye picha ya Marley, bei ishuke.

Kwa MB, hesabu ni rahisi. Sauti ya kilobiti 96 kwa sekunde hula MB 0.72 kwa dakika, ya 160 hula 1.2, na ya 320 hula 2.4. Albamu zote mbili za Wailers ni kama dakika 75, yaani MB 54, au 90, au 180. Spotify, inayopatikana Uganda tangu mwaka 2021, huweka 320 kwa wanaolipa tu. Kwa rege ya mwaka 1973 kwenye simu, 160 inatosha. Kinachoumiza ni kusikiliza mara tano moja kwa moja mtandaoni badala ya kushusha mara moja.

Stevie Wonder, mwaka 1972, ni jozi ya mtu aliyekuwa akijifunza chombo kipya mbele ya wasikilizaji. "Music of My Mind" ilitoka Machi, "Talking Book" Oktoba. Alipotimiza miaka 21 mwaka 1971, mkataba wake wa zamani na kampuni ya Motown uliisha, akapata mpya uliompa uhuru wa kujiongoza studio. Akakutana na Malcolm Cecil na Robert Margouleff, wenye TONTO, sinthesaiza (chombo cha kuunda sauti kwa umeme) kubwa ya kujaza chumba. Kwenye albamu ya Machi bado anajaribu vitufe: "Superwoman" ina dakika nane na ni kama nyimbo mbili zilizoshonwa. Kufika Oktoba ameshajua anachotaka. "Superstition" ina ngoma alizopiga mwenyewe, besi ya sinthesaiza ya Moog, na klavineti (kinanda cha umeme) zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka. Na ukisikia sauti ya kwanza kwenye "You Are the Sunshine of My Life" ukadhani Stevie ana mafua, si yeye. Mistari ya mwanzo inaimbwa na Jim Gilstrap, kisha Lani Groves, ndipo mwenyewe anaingia.

Hapa kifaa kina maana kuliko pesa. Spika ya simu haitoi besi ya chini, kwa hiyo nusu ya "Superstition" inapotea na mtu anabaki akisema wimbo ni mwembamba. Spika ndogo za Bluetooth zinazouzwa barabarani nyingi hutoa sauti ya upande mmoja, kushoto na kulia vikichanganywa pamoja. Zile klavineti zilizogawanywa pande mbili huwa tope. Spika za masikio za waya, hata za bei ya chini, zinashinda, mradi pande zote mbili zinafanya kazi. Jaribu kabla ya kulipa: chomeka, kisha zungusha waya pale penye kichwa cha kuchomekea. Upande mmoja ukikatika, rudisha.

Spika ya upande mmoja inamharibia zaidi Jimi Hendrix. "Are You Experienced" ilitoka Uingereza Mei 1967 na "Axis: Bold as Love" Desemba. Kati yao, Hendrix na fundi wa sauti Eddie Kramer walijifunza kuizungusha sauti. "Axis" inafunguliwa kwa kelele za gitaa zinazohama sikio hadi sikio. Kwa spika moja ni kelele tu. Kanda ya upande wa kwanza ilisahauliwa kwenye taksi ya London, ikabidi miksi irudiwe usiku mmoja. Abiria wa Old Taxi Park ya Kampala ataelewa.

Tatizo la Hendrix ni matoleo. "Are You Experienced" ya Uingereza haina "Purple Haze", "Hey Joe" wala "The Wind Cries Mary". Ya Marekani inazo, lakini imeacha "Red House", "Can You See Me" na "Remember". Usibishane na mwenye laibrari, mwambie unataka yenye nyimbo 17. Ni zile kumi na moja za Uingereza pamoja na pande zote mbili za singo (santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande) tatu za mwanzo. Ukipewa 11, soma majina ujue ni nchi gani.

Tupac, mwaka 1996, ndiye atakayepatikana kila mahali, na ndiye anayepakiwa vibaya kuliko wote. "All Eyez on Me" ya Februari ni diski mbili, nyimbo 27, kama saa mbili na dakika kumi. "The Don Killuminati: The 7 Day Theory" ilitoka Novemba, kama miezi miwili baada ya kufariki Septemba 13 kwa kupigwa risasi. Ina nyimbo 12 tu, zilizofanywa Agosti kwa kasi ambayo jina la albamu linaitangaza. Ya kwanza ni karamu ya mtu aliyetoka gerezani akiwa na pesa za kampuni ya Death Row nyuma yake. Wageni ni wengi, vibwagizo vinang'aa, na robo ya nyimbo zingeweza kukatwa bila mtu kulia. Ya pili ni nyeusi na kavu, karibu kila wimbo una adui. "Hail Mary" na "Against All Odds" haziwezi kuwekwa kwenye ile ya Februari bila kuharibu sherehe. Ukitaka kusikiliza kitu kizima, chukua ya Novemba. Ukitaka muziki wa safari ya Kampala hadi Mbarara, Februari.

Makosa ni mawili. La kwanza, albamu ya Novemba iko chini ya jina lake jingine, Makaveli, si 2Pac. Anayetafuta "2Pac" peke yake huikosa, na folda za laibrari huiacha nje kwa sababu hiyo hiyo. La pili ni "California Love". Iliyomo kwenye "All Eyez on Me" ni rimiksi. Ile ya redioni iliyozoeleka ilikuwa singo, na inapatikana kwenye "Greatest Hits" ya mwaka 1998. Watu hurudisha flashi wakidai wimbo umebadilishwa. Haujabadilishwa, ndivyo albamu ilivyo. Angalia pia usipewe toleo lililofutwa matusi, isipokuwa unalitaka kwa ajili ya duka au saluni. Kwa Tupac linakata maneno hadi mstari unapoteza maana.

DMX anafuata kwa mantiki hiyo hiyo, lakini kwa matokeo madogo. "It's Dark and Hell Is Hot" ya Mei 1998 na "Flesh of My Flesh, Blood of My Blood" ya Desemba zote ziliingia namba moja Marekani wiki ya kwanza. Kibiashara ni maajabu. Kimuziki, ya pili ni ya kwanza iliyoharakishwa: mbwa wale wale, sala ile ile, midundo iliyochoka mapema. Chukua ya Mei nzima, na kutoka ya Desemba chukua "Slippin'", ambayo ni moja ya kazi zake bora kabisa. MB zilizobaki ziweke akiba.

Kwa haraka: David Bowie, mwaka 1977, "Low" ya Januari na "'Heroes'" ya Oktoba, ni jozi nzuri, ila usiicheze kwa kuchanganya nyimbo, maana upande wa pili wa kila moja ni karibu muziki mtupu bila maneno na umekusudiwa kusikilizwa kwa mfululizo. Taylor Swift, mwaka 2020, "folklore" ya Julai na "evermore" ya Desemba: timu ile ile, sauti ile ile, na mpenzi wa moja atapenda nyingine, kwa hiyo anza na ya Julai. Guns N' Roses walitoa "Use Your Illusion" I na II siku moja, Septemba 17, 1991. Hiyo ni albamu moja ndefu iliyouzwa mara mbili. Fela Kuti alitoa nyingi mno katikati ya miaka ya 1970, mara nyingi wimbo mmoja upande mmoja, na mwaka hutofautiana kati ya toleo la Nigeria na la Ulaya. Nunua "Zombie", uachane na kuhesabu.

Laibrari haimlipi msanii hata shilingi moja. Anayetaka kulipa na kubaki na faili lake anaweza kununua kwenye tovuti ya Bandcamp na kuchagua mwenyewe aina ya faili. Huko pia wako lebo ya Nyege Nyege Tapes wa hapa hapa Kampala, ambao mwaka 2017 walitoa "Gulu City Anthems" ya Otim Alpha na "Sounds of Sisso", mkusanyo wa singeli ya Dar es Salaam. Si jozi ya msanii mmoja, lakini kwa lebo ndogo ulikuwa mwaka wa maana.

Sasa flashi yenyewe. Redio nyingi za gari na wufa za bei nafuu husoma mpangilio wa FAT32 tu, kwa hiyo tumia flashi isiyozidi GB 32, na kama redio inakwambia hakuna faili, ifomati upya kabla ya kuilaumu. Redio hizo hupanga nyimbo kwa jina la faili au kwa mfuatano ulionakiliwa, bila kujali namba iliyofichwa ndani ya faili. Ndiyo maana "Burnin'" huanzia "Burnin' and Lootin'" badala ya "Get Up, Stand Up". Dawa ni majina yaanzie 01, 02, 03, kila albamu folda yake, na folda zinakiliwe moja baada ya nyingine. Sifuri ya mbele isiachwe, la sivyo wimbo wa 10 utafuata wa 1.

Kabla hujalipa, fungua folda kwenye kompyuta ya laibrari na uhesabu: 9 na 10 kwa Wailers (11 zaidi kama umepewa na diski ya Jamaika), 9 na 10 kwa Stevie, 17 na 13 kwa Hendrix, 27 na 12 kwa Tupac. Kisha tazama ukubwa. Wimbo wa dakika nne wenye chini ya MB 3 umebanwa, na ukiongezwa sauti utakwaruza. Omba faili jingine hapo hapo.