Wavu wa kukinga mawe kwenye bomba la chuma: unafaa, lakini mchanga uko palepale

Wavu niliotumia ni wa plastiki wenye matundu. Unazungushiwa bomba na kufungwa kwa mikanda kabla halijashushwa mtaroni. Kwenye bomba lililopakwa epoksi (mpako mgumu wa kuzuia kutu) ya mikroni 400 hivi, yaani milimita 0.4, unazuia mikwaruzo wakati wa kushusha, pamoja na vijiwe vinavyomomonyoka kutoka kuta za mtaro. Kwa hilo sina malalamiko.

Balaa ni pale wavu unapouzwa kama kibali cha kulaza bomba juu ya mwamba mtupu. Uzito wa bomba, wa kilichomo ndani na wa udongo wa juu unaangukia ncha moja ya jiwe. Wavu unabanwa, epoksi inapasuka, na bomba jembamba linabonyea. Kwa hiyo bado natandika mchanga milimita 150 chini, kisha 150 hadi 300 juu ya mgongo wa bomba, ndipo udongo wenye mawe unarudi. Ubavuni chini mchanga ushindiliwe kwa mkono. Kijiko, ile mashine ya kuchimba, hakifiki hapo.

Mchanga wa baharini siuweki: chumvi yake inarahisisha njia ya umeme wa kutu. Vumbi la kokoto nalo lina makali. Nafuu ya kweli ni kuchekecha udongo uleule wa mtaro kwa ndoo ya kijiko yenye chekecho, ila uwe mkavu. Mfinyanzi mbichi unaziba matundu na kutoa mabonge. Bonge likiganda kwenye bomba huku pembeni kuna mchanga unaopitisha hewa, chini yake oksijeni inapungua, na penye kitobo kwenye epoksi kutu inaanzia hapo.

Usikubali kuuziwa karatasi nzima ya plastiki isiyo na matundu badala ya wavu. Umeme wa ulinzi wa kathodi, yaani umeme mdogo unaopelekwa kwenye bomba ili lisishike kutu, hupita kwenye unyevu wa udongo. Karatasi ikiuziba, chuma kinaliwa kimyakimya huku vipimo vya juu ya ardhi vikisoma vizuri.

Mteremkoni wavu hausaidii lolote: tandiko la mchanga linageuka mfereji na mvua inalihamisha lote. Panga viroba vya mchanga kukata mtaro kwa hatua, vikizunguka bomba pande zote.

Na kipima vitobo, kifaa cha umeme kinachotafuta matundu kwenye mpako, volti 2,000 hivi kwa epoksi ya unene huo, kipite kabla ya kuvisha wavu. Ukishafungwa, kitobo hukioni tena.