PARI/GP na nambari tasa: uzoefu wangu baada ya muhula mmoja

Kwa muhula mzima nimeitumia PARI/GP, programu ya kompyuta ya kukokotoa hesabu, kwenye kipakatalishi cha mitumba nilichonunua barabara ya Luthuli, hapa Nairobi, na kazi niliyoipa ilikuwa moja tu: kunionyesha ni nambari tasa zipi zinazoandikika kwa umbo la x² + ny², x, y na n zikiwa namba kamili. Programu hii, ambayo chimbuko lake ni Bordeaux, Ufaransa, ni ya bure, na ukishaipakua haikudai bando tena.

Nilianza na jambo alilolidai Fermat, mwanahisabati Mfaransa, mwaka 1640, kwamba kila nambari tasa inayobakisha 1 ikigawanywa kwa 4 ni jumla ya miraba miwili. Niliandika amri qfbsolve(Qfb(1,0,1),41), inayotafuta x na y za x² + y² = 41, na kufumba na kufumbua nikapewa 5 na 4, kwa kuwa 25 + 16 ni 41. Kwa x² + 5y² masalio pia yanatosha: nambari tasa inayobakisha 1 au 9 ikigawanywa kwa 20 ni ya umbo hilo, na inayobakisha 3 au 7 ni ya 2x² + 2xy + 3y².

Uhondo uko kwenye n = 14, yaani x² + 14y². Nambari 23 na 79 zote hubakisha 23 zikigawanywa kwa 56, nami nikatarajia zikubaliwe pamoja. Programu ilikubali 23, ambayo ni 3² + 14, ikaikataa 79. Nilidhani nimekosea kuandika, nikachukua kalamu na kujaribu kila thamani ya y, hadi nikaona kwamba 79 ni 2 × 6² + 7, yaani mali ya 2x² + 7y². Amri qfbclassno(-56) ilinipa 4, idadi ya maumbo yanayohusika, na masalio hayana uwezo wa kutenganisha mawili kati yake, x² + 14y² na 2x² + 7y². Kinachoyatenganisha ni kama ipo namba kamili z ambayo (z² + 1)² hubakisha 8 ikigawanywa kwa nambari tasa hiyo: kwa 23, z = 3 inatosha, kwani 100 ni 4 × 23 na 8 juu; kwa 79 haipo hata moja.

Sharti hilo, hata hivyo, nililitoa vitabuni. Programu hujibu ndiyo au la bila kueleza sababu, na dirisha lake jeusi lenye alama ya kuuliza halimkaribishi mgeni hata kidogo. Ninaipa nyota nne. Ya tano ningeitoa kama ingalinieleza habari za 79 usiku ule, badala ya kuniacha na karatasi sita zilizojaa miraba.