Ukumbi tuliouchagua kwa sikio: mazoezi na onyesho letu la taarab Lamu

Kwa miezi miwili kundi letu la taarab lilikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kupigia. Tuko kumi na wanne: ganuni moja (ala ya nyuzi nyingi ilazwayo mapajani), udi mbili, fidla nne, nai (filimbi ya mwanzi), akodiani, selo ninayoipiga mimi, besi ile kubwa ya kusimama, dumbaki (ngoma ndogo ya mkono), rika (tari ndogo yenye njuga) na mwimbaji wetu. Sebule ya ustadh, mwalimu wetu anayepiga ganuni, haikututosha tena, na onyesho lilikuwa linakaribia. Tulitaka ukumbi wa kufanyia mazoezi, na humohumo tupige siku yenyewe. Naandika ili mwenye kundi lake asizunguke kama tulivyozunguka sisi.

Ukumbi wa kwanza ulituteka macho. Mpya, vigae vinameta, vioo ukuta mzima, kiyoyozi, viti vya kutosha harusi. Tukatoa arubuni siku hiyohiyo, na hilo ndilo kosa letu kubwa. Jioni ya kwanza mpiga dumbaki alipiga "dum" moja, ikarudi mara tatu. Fidla zilipoingia zote nne, sauti zikarundikana darini kama moshi usio na pa kutokea. Mwimbaji akatoa beti mbili, nikamwuliza dada aliyeketi safu ya nyuma amesikia nini. "Sauti nimeisikia, nzuri," akasema. "Maneno sikuyapata." Kwa taarab huo ni msiba. Watu wetu huja kusikiliza shairi, na anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti ya fedha huwa ameguswa na neno.

Kiyoyozi nacho kikatutesa. Ganuni yetu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekalia ngozi. Unyevu wa pwani huilegeza ngozi hiyo, hewa kavu huikaza. Ustadh akimaliza kulinganisha nyuzi, mtu anazima mashine kwa kuwa inanguruma. Nusu saa baadaye anaanza tena uzi wa kwanza.

Hata hivyo tulijaribu kuuokoa. Niliwahi kusoma habari za Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard nchini Marekani, aliyepewa mwaka 1895 kazi ya kutengeneza chumba cha mihadhara ambamo neno moja lilivuma zaidi ya sekunde tano. Usiku alikuwa akiazima mito ya viti vya ukumbi mwingine wa chuo, akiiongeza kidogokidogo na kupima mvumo unavyopungua, kisha anairudisha kabla hakujakucha. Hesabu aliyoipata ndiyo iliyotumika kuujenga Boston Symphony Hall, uliofunguliwa mwaka 1900. Mvumo wake ni karibu sekunde mbili, na okestra kubwa za Kizungu hustawi hapo. Sisi wenye shairi mbele tunahitaji pungufu ya hapo. Basi tukabeba magodoro tisa na mikeka ya akina mama wa mtaani, tukayasimamisha ukutani. Kweli mvumo ulipungua, na maneno yakaanza kusikika, lakini huwezi kumkaribisha mgeni kwenye onyesho ukampokea kwa magodoro. Tukaondoka. Arubuni haikurudi.

Pili tulionyeshwa nyumba ya zamani huko Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu. Sauti yake, subhanallah! Kuta nene za matumbawe, chokaa, na vile zidaka, vishubaka vya ukutani, vinavyoigawanya sauti isirudi kwa pamoja. Ila vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali, mita tatu hivi. Tuliketi mstari mmoja kama abiria wa mashua, rika huku, besi kule mwisho, wakawa wanachelewana. Kwa udi, mwimbaji na wageni thelathini, ningeichagua leo hii. Kwa kundi zima haiwezekani.

Mahali tulipotua ni ukumbi wa kukodi upande wa Shela, kijiji cha pwani kisiwani humohumo: kuta za matumbawe hadi kimo cha mtu na nusu, juu makuti. Mlinzi ni mzee wa makamo, akatupokea kwa "Ndooni, wanangu," akazima redio yake na kutuacha. Nilipiga kofi moja katikati. Ukuta ukalirudisha mara moja, makuti yakalimeza lililobaki. Kisha nikakaza uzi mnene wa selo na kuuvuta taratibu. Niliusikia mbaoni, kifuani, halafu nikausikia umefika mlangoni. Mpiga nai huketi nyuma yangu. Mwaka mzima nilikuwa namfuata kwa kubahatisha, na jioni ile nikasikia hata pumzi anayovuta kabla ya kuingia. Nilitokwa machozi, sioni haya kusema.

Tulifika masika, mvua ikatukuta kazini. Chini ya mabati tungefunga ala tukangoja. Makutini ilikuwa mnong'ono tu, tukaendelea.

Kasoro zipo. Upepo wa kusi hupita juu ya ukuta na kupeperusha karatasi za noti za muziki, basi beba vibanio vya nguo. Chetezo hakiruhusiwi ndani, na mzee yuko sahihi, makuti hayachezewi na moto. Umeme ulikatika usiku mmoja kati ya tisa. Kubwa zaidi ni usafiri: ala zetu huja kwa boti, na siku maji yamekupwa tulishuka mbali na ufukwe, vijana wanne wakaibeba besi mabegani maji yakiwa magotini. Tangu hapo tunaangalia bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, kabla ya kupanga saa. Mazoezi tulianza baada ya isha, na kila siku tulimwuliza mzee kwanza kama kuna msiba mtaani. Siku moja ulikuwepo, tukarudi bila kufungua hata fidla.

Tulilipa shilingi 5,000 kwa jioni ya mazoezi na 15,000 usiku wa onyesho, viti vikiwemo. Usiku huo ukumbi ulijaa, na miili ya watu humeza sauti kama yalivyofanya yale magodoro. Ustadh alikuwa amelijua hilo. Alasiri alizisogeza fidla hatua mbili mbele na kumkalisha mpiga dumbaki karibu na ukuta. Beti ya tatu, mama mmoja wa safu ya mwisho kabisa aliinuka, akaja na noti mkononi akilirudia neno lilelile la mwimbaji. Nilimtazama yule dada wa ukumbi wa vioo, akanitikisia kichwa.

Tumeshaweka nafasi tena, jioni sita baada ya Maulidi.