Seva moja, na fundi ni mimi: uzoefu wangu wa kutafuta leseni

Niseme mapema kwamba nina hasira, tena hasira ya zamani. Anayetaka mtu mtulivu wa kumpangia sifa za kila programu, huyo si mimi. Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye duka la dawa za jumla Kariakoo. Seva yetu ni moja, iko stoo juu ya kabati la mafaili, feni inaipulizia mchana kutwa. Ndani yake kuna mashine pepe tatu (kompyuta za kiprogramu zinazokaa ndani ya seva moja), zote Windows: ya mahesabu, ya mafaili, na ya mahudhurio ya wafanyakazi. Basi.

Kwa miaka tulikaa kwenye ESXi ya VMware, programu ya kuendesha mashine pepe, ile ya bure, na haikunisumbua, nisiseme uongo. Ila ya bure haizipi programu za bakapu njia ya kuingia, kwa hiyo nilikuwa nanakili kwa mkono Jumamosi jioni duka likifungwa. Na Jumamosi nyingine mtu una harusi. Diski moja ilipokufa ndipo bosi akauliza, "Hivi nakala tunayo?" Tulikuwa nayo, ya wiki tatu nyuma. Nikaambiwa nitafute ya kulipia, yaishe.

Wakati huo kampuni ya Broadcom walishainunua VMware, Novemba 2023, na mwezi uliofuata leseni za kununua mara moja ukamaliza ziliondolewa sokoni. Sasa unalipia kwa muda. Hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni hesabu ya kore, yaani vitengo vya kazi vilivyo ndani ya prosesa. Profoma ikaja kutoka kwa wakala mmoja (jina silitaji, ila ofisi yake ina zulia na kiyoyozi cha kugandisha samaki) imeandikwa kore 32. Seva yetu ina prosesa mbili, kila moja kore nane. Nane mara mbili. Nikadhani kijana kakosea kuandika, nikapanda daladala hadi Posta kumrekebisha.

Sikiliza sasa. Nimekaa mbele yake, macho yake yako kwenye simu. "Dada, mna seva ngapi?" Nikasema moja. "Moja?" Akainua kichwa, akamtazama mwenzake wa meza ya pili. "Moja!" Wakacheka. Halafu nikamwonyesha ile 32, akasema, "Hayo mambo ni ya kiufundi kidogo. Mwambie fundi wenu aje tuongee naye."

"Fundi ni mimi."

Hakuomba radhi. Alisema "aah," akarudi kwenye simu. Nikauliza tena 32 imetoka wapi. "Ndiyo kiwango cha chini." Cha nini? "Cha chini, dada." Sentensi moja tu ingetosha: leseni ile inahesabu kila prosesa si chini ya kore 16, hata kama yako ina nane. Imeandikwa wazi, niliisoma mwenyewe usiku ule nikiwa na kikombe cha chai ya tangawizi. Seva ya kizamani yenye prosesa mbili ndogo inaumia kuliko mpya yenye prosesa moja nono. Kama ndiyo kwanza unanunua mashine, chukua ya prosesa moja. Umepona nusu ya maumivu yangu. Haya ndiyo aliyekaa kwenye zulia alipaswa kuniambia kabla sijatumia nauli.

Wakati nanyanyuka akanitupia neno la mwisho, kama mtu anayemtupia paka mfupa: "Na hata mkihamia za bure, Windows zenu tatu mtazilipia tu." Nikasonya, nikatoka. Shikeni neno hilo.

Nikahamia Proxmox, programu ya kazi ile ile, inayotoka Vienna. Mapenzi yangu yote sasa yako huko. Unaipakua, unaitumia, hakuna anayekuuliza una seva ngapi. Ukitaka kulipia usajili wa mwaka, wanahesabu soketi, yaani tundu la prosesa unaloliona kwa macho ukifungua boksi. Ina zana ya kuvuta mashine kutoka ESXi moja kwa moja, na bakapu imo ndani, inajiendesha saa nane usiku nikiwa nimelala. Usiku wa kuhama niliona skrini ya bluu mara mbili. Kosa langu, sikuweka draiva za VirtIO (za kuiwezesha Windows kuiona diski ya mashine pepe) ndani ya Windows kabla ya kubadilisha aina ya diski. Asubuhi duka likafunguka kama kawaida. Siku ile ningetoa nyota tano na ya sita juu.

Kisha mhasibu akapita stoo akanikuta naingia. Kila ukiingia bila kulipia, kinatokea kisanduku kukuambia huna usajili halali. Yeye akasoma "si halali" akaenda mbio kwa bosi: tumewekewa programu ya kuchakachua! Nikaitwa. Nikaeleza kwamba leseni yake ni AGPL, leseni ya programu huria, kwamba kutumia bila kulipa kumeruhusiwa, kwamba kisanduku kinasema habari za usajili wa masasisho na msaada tu. Bosi akanitazama vile anavyomtazama mteja anayesema hela imetumwa lakini mtandao unasumbua. Tukalipia soketi mbili, daraja la chini, ili kisanduku kiondoke. Nyota nne basi.

Na sasa lile neno la kijana. Nilipokuwa naandika orodha ya leseni zetu nikagundua alikuwa sahihi, na limeniuma kuliko kicheko. Windows Server Standard, ukishalipia kore zote za mashine (si chini ya 16 kwa seva), inakupa haki ya mashine pepe mbili. Mbili. Ya tatu unalipia kore zile zile upya. Na hapo haijalishi chini yake kuna ESXi, Proxmox au nini. Sisi tulikuwa na leseni moja na Windows tatu, miaka yote hiyo. Nikaihamisha ya mafaili kwenye Debian, ambayo ni Linux, na Samba ya kugawia mafaili, zikabaki mbili, hesabu ikakaa sawa.

Kwa hiyo je, nilikuwa na haja ya kuhama? Kwa Windows mbili tu, Hyper-V, programu ya Microsoft ya mashine pepe, imo ndani ya ile ile Windows Server tuliyokwisha kulipia, na kwa fundi asiyetaka kujifunza amri za Linux pengine ndilo jibu jepesi. ESXi ya bure nayo ilirudishwa Aprili 2025, baada ya kuondolewa Februari 2024. Wakati mwingine nadhani nilihama kwa sababu ya "Moja!" kuliko sababu nyingine yoyote. Sijuti.

Juzijuzi yule kijana alipiga simu, sauti tamu kweli. "Dada, ile seva yenu mlifikia wapi? Kuna ofa." Akaanza kueleza hesabu mpya ya kore.

Nikamwambia fundi hayupo.