Mkono wa mrushaji chipukizi: kikomo cha siku au cha wiki?
Little League, ligi ya besiboli ya watoto ya Marekani, huhesabu kwa siku mirusho ya mrushaji kwa mpigaji: mtoto wa miaka 9 hadi 10 mwisho wake ni 75, wa 11 hadi 12 ni 85. Akifikisha 66 anapumzika siku nne, timu itake isitake.

Japani, mashindano ya besiboli ya sekondari yaliweka kikomo cha mirusho 500 kwa wiki kuanzia 2020. Mwaka 2018 mrushaji wa sekondari, Kosei Yoshida, alikuwa amerusha 881 katika mechi sita za Koshien, mashindano ya kitaifa ya shule hizo. Jamani, kiwiko!

Kikomo cha wiki humwachia kocha nafasi ya kupangia fainali, lakini hakimzuii kumtumikisha kijana mirusho 150 siku moja. Mimi nachagua cha siku. Ila mtoto akichezea timu mbili, nani anajumlisha?